Namba katika Sanduku la Umeme: Jambo Dogo Lenye Uzito

Katika vyama vya msingi vilivyo vingi, daftari la fedha hutunzwa, ghala huhesabiwa na mizani hupimwa. Hata hivyo, lipo sanduku moja ukutani ambalo ni nadra kukumbukwa katika mikutano, nalo ni lile linalogawa umeme katika jengo la chama. Likifunguliwa, mara nyingi huonekana safu ya swichi zisizo na jina, au zenye maandishi ya penseli yaliyokwisha kufutika.

Tuchukue mfano wa chama cha wakulima wa michikichi huko Ilagala, chenye mashine ya kukamua mawese, ghala na ofisi. Mota ya mashine imeharibika wakati wa msimu. Fundi anaitwa, naye anaonyeshwa swichi ambayo mlinzi anadhani ni ya mota. Kumbe ni ya taa za ghala. Asipopima waya kwanza kwa kipimo chake, fundi huyo atashika umeme ulio hai. Namba zilizoandikwa vema zingaliweza kumwepusha na hatari hiyo.

Umeme wa fezi tatu una volti 400 baina ya fezi na fezi, na volti 230 baina ya fezi moja na nyutro. Kila njia inayotoka katika sanduku kwenda kwenye taa, soketi au mashine huitwa saketi, na kila saketi ina swichi yake ya kinga ambayo hujikata yenyewe umeme unapozidi.

Kwa desturi ya Uingereza, ambayo mafundi wa Afrika Mashariki waliirithi, hesabu huanzia karibu na swichi kuu. Nafasi iliyo jirani nayo ni namba 1, kisha 2, na kuendelea. Katika sanduku la fezi tatu, kila namba hubeba nafasi tatu: 1R, 1Y na 1B. Herufi hizo husimama badala ya rangi nyekundu, manjano na buluu. Masanduku ya siku hizi huandikwa 1L1, 1L2 na 1L3, na maana ni ile ile. Marekani hufuata desturi nyingine: namba witiri hukaa kushoto na namba shufwa kulia, hata mota ya fezi tatu ikashika 1, 3 na 5. Kwa hiyo fundi asikisie. Asome sanduku lililo mbele yake.

Sanduku la chama chetu cha mfano lina nafasi 12, nalo laweza kupangwa hivi:

Namba 1, fezi zote tatu: mota ya kukamulia mawese.
2R: soketi za ofisi.
2Y: taa za ofisi.
2B: taa za ghala.
3R: pampu ya maji.
3Y: taa za nje.
3B na namba 4 yote: akiba.

Yafaa kuzingatia mambo manne. Kwanza, saketi ipewe jina la mahali au kifaa, si la mtu. Viongozi hubadilika kila uchaguzi, lakini ghala hubaki pale pale. Pili, saketi mpya ichukue nafasi ya akiba. Namba za zamani zisivurugwe. Tatu, waya wa nyutro na waya wa ardhi wa kila saketi ufungwe kwa mpangilio ule ule wa namba. Nyutro ya saketi moja ikiazimwa na nyingine, waya ambao fundi anaudhania umekufa unaweza kumpiga anapoufungua, ingawa swichi imezimwa.

Nne, rangi za nyaya ziandikwe. Uingereza ilianza kubadili rangi zake mwaka 2004, na tangu mwaka 2006 kazi mpya huko hufuata rangi mpya. Hapo zamani nyutro ilikuwa nyeusi, na buluu ilikuwa fezi. Katika mpangilio mpya fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na buluu ndiyo nyutro. Jengo la zamani lililoongezewa chumba kwa nyaya mpya laweza kuwa na mipangilio yote miwili. Hapo weusi wa waya hautoshi kumwambia fundi lolote, na tangazo la onyo libandikwe kwenye sanduku.

Orodha ya saketi iandikwe kwa Kiswahili na kwa wino usiofutika, ionyeshe namba, kazi, ukubwa wa waya na ukubwa wa swichi ya kinga. Nakala moja ikae ndani ya mlango wa sanduku, na ya pili katika jalada la chama. Kila Bodi inapokabidhi madaraka, orodha hiyo ikabidhiwe pamoja na funguo na hati za mali.

Kazi ya kutambua saketi na kufungua sanduku si ya mjumbe wala ya mlinzi. Ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Wajibu wa Bodi ni kumwita, kudai orodha kabla ya kumlipa, na kuitunza. Gharama yake ni karatasi moja na saa chache za kazi. Mali ya chama ni ya wanachama, na uhai wa anayeihudumia una thamani kupita mali hiyo.