Onyo la Usafiri: Mgeni Aambiwa, Mwenyeji Je?

Kila mara meli kubwa ya kitalii inapotia nanga katika bandari ya Kilindini mjini Mombasa, abiria wake wengi huwa wamekwisha kusoma habari zetu kabla hata hawajaiona pwani yetu. Wamesoma ilani ya usafiri iliyotolewa na serikali ya nchi yao. Humo wameelezwa wapi waende na wapi wasiende, na saa ngapi warejee melini. Dereva anayewangoja langoni, mama anayeuza vinyago na kanga karibu na Ngome ya Yesu, na kijana anayewatembeza katika vichochoro vya Mji wa Kale, aghalabu hawajayasoma maandishi hayo. Hao ndio wanaosemwa, ila wao si wasomaji waliokusudiwa.

Huenda msomaji akauliza: mambo ya bandari yanatuhusu nini sisi wa Moiben, tunaolima ngano na mahindi, tulio mbali na bahari kwa takriban kilomita 800 za barabara? Yanatuhusu sana. Wanafunzi wa shule zetu huteremka Mombasa katika ziara za masomo, na vijana wetu wameajiriwa kwenye hoteli na vyombo vya huko. Isitoshe, sisi wenyewe tumewahi kuwa mahali ambapo wengine walionywa wasikanyage. Basi na tulitazame jambo hili kwa jicho la lugha, kwa kuwa onyo, kabla halijawa siasa, ni maneno.

Neno onyo linatokana na kitenzi onya. Nacho onya ni kauli ya kusababisha ya kitenzi ona, kama vile ponya ilivyo kwa pona, na gawanya kwa gawana. Kumwonya mtu, katika asili ya neno lenyewe, ni kumfanya aone. Tahadhari ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, nalo lina sura nyingine: anayetahadhari ni yule yule aliye hatarini. Kwa hiyo lugha yetu imekwisha kutugawia kazi mbili. Mwenye habari anapaswa kuonya, yaani kumfungua mwenzake macho, na mwenye kuonywa anapaswa kutahadhari. Kazi ya kwanza isipofanywa, ya pili haiwezekani. Hakuna mtu awezaye kujihadhari na asichokiona.

Kwa kipimo hicho, na tutazame yaliyotukia. Mnamo Novemba 28, 2002, washambuliaji waliilipua hoteli ya Paradise huko Kikambala, kaskazini mwa Mombasa. Asubuhi hiyo hiyo makombora mawili yalirushwa kuilenga ndege ya abiria iliyokuwa ikiondoka Mombasa kwenda Israeli, yakaikosa. Hotelini waliuawa watu 13, mbali na washambuliaji: Waisraeli 3 na Wakenya 10. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wacheza ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni.

Takriban wiki mbili kabla ya siku hiyo, serikali ya Australia ilikuwa imewatahadharisha raia wake juu ya uwezekano wa mashambulizi mjini Mombasa. Onyo hilo halikuwa uzushi, na wale wanaodai kwamba kila ilani ya kigeni ni njama ya kutuharibia biashara hawana budi kulikumbuka. Lakini liliandikwa kwa Kiingereza, likaelekezwa kwa Waaustralia. Mcheza ngoma wa Kikambala hakuwamo katika hesabu ya wasomaji wake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuja, na aliyekufa kwa wingi ni mwenyeji.

Kasoro ya pili ilidhihirika mwaka 2014. Mwezi wa Mei mwaka huo, Uingereza iliwashauri raia wake wasiende Mombasa isipokuwa kwa shughuli za lazima. Onyo lilihusu kisiwa chenyewe na ukanda wa kilomita 5 kutoka baharini, kuanzia hori la Mtwapa hadi Tiwi. Kampuni za utalii ziliwaondoa mamia ya wageni kabla likizo zao hazijakwisha. Diani na Uwanja wa Ndege wa Moi havikutiwa katika eneo lile. Hata hivyo, mgeni aliyetua uwanjani kwa nia ya kwenda Diani wakati huo alipita kisiwani na kuvuka kwa feri ya Likoni. Basi aliruhusiwa mwanzo wa safari na mwisho wake, akakatazwa katikati! Serikali ya Kenya ilinung'unika, ikasema hicho hakikuwa kitendo cha kirafiki.

Ni kweli kwamba hatari ilikuwapo. Siku chache baadaye soko la Gikomba jijini Nairobi lililipuliwa, na katikati ya Juni watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na viunga vyake, katika kaunti ya Lamu. Ila tazama ramani: Gikomba iko Nairobi, na Mpeketoni iko mbali kaskazini, nje kabisa ya ukanda wa Mtwapa hadi Tiwi. Wakati huo huo, hoteli kadhaa za Mombasa zilifungwa na wafanyakazi kwa maelfu wakarudi makwao mikono mitupu. Onyo hilo lilipoondolewa kwa sehemu kubwa ya pwani mnamo Juni 2015, kuna watoto waliokuwa wamekwisha kupoteza mwaka wa masomo kwa kukosa karo. Onyo lililopakwa kama rangi juu ya eneo zima humtisha mtu pasipo kumwonyesha kitu.

Sisemi kwamba haiwezekani kuonya vizuri. Mnamo Novemba 5, 2005, meli ya kitalii Seabourn Spirit, iliyokuwa safarini kutoka Misri kuja Mombasa, ilishambuliwa na maharamia katika bahari ya Somalia. Iliponea chupuchupu, ikageuza njia na kuelekea Ushelisheli. Kabla ya hapo, wasimamizi wa usalama wa baharini walikuwa wamezishauri meli zikae mbali zaidi na pwani ya Somalia. Hilo lilikuwa onyo hasa. Lilitaja hatari, yaani maharamia. Lilitaja mahali, yaani karibu na pwani ya Somalia. Tena likataja la kufanya, yaani kuongeza masafa. Nahodha angeweza kulitii kwa kugeuza usukani, bila ya kulihama bara zima la Afrika. Miaka iliyofuata meli za kitalii zilipungua mno Kilindini. Hata hivyo, eneo la bahari lililokuwa likihesabiwa kuwa la hatari kubwa lilipunguzwa mara kadhaa kadiri hali ilivyobadilika, na Januari 1, 2023, mashirika ya meli yakaliondoa kabisa katika Bahari ya Hindi. Onyo jema huwa na mipaka, na huwa na mwisho.

Hapa Moiben jambo hili si geni. Mapema mwaka 2008, nchi ilipowaka moto baada ya uchaguzi, jina la Eldoret lilivuma duniani kote kwa msiba wa kanisa la Kiambaa, na serikali nyingi zikawakataza watu wao kuja Kenya. Hatukuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa damu ilikuwa imemwagika kweli. Lakini na tuchukue mfano mwingine. Februari 2023, serikali yetu wenyewe ilitangaza amri ya kutotoka nje usiku katika kaunti 6 zilizosumbuliwa na majangili: Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Uasin Gishu haikuwamo. Sisi tunaopakana na Elgeyo Marakwet twajua kwamba mtu wa nyanda za juu na mtu wa bonde la Kerio hawalali usingizi mmoja, ingawa wanatenganishwa na mteremko tu. Mtu wa mbali hujumlisha, akasema huko Bonde la Ufa hakupitiki. Nasi pia, tusikiapo habari mbaya kutoka Lamu, hujumlisha vivyo hivyo na kufuta ziara ya wanafunzi kwenda Ngome ya Yesu. Tunawatendea Wapwani yale yale tunayoyachukia tutendewapo.

Maadam mimi ni mtu wa isimu, napenda kuwapa walimu wenzangu kazi moja ya darasani. Chukueni ilani yoyote ya usafiri, wanafunzi waitafsiri kwa Kiswahili sanifu, kisha waiulize maswali manne. Nani anaonywa? Ajihadhari na nini? Wapi na lini? Afanye nini? Mtashangaa kuona ni sentensi ngapi zitakazobaki midomo wazi. Kuna sentensi za kutendwa zisizotaja mtenda wala msemaji: inasemekana, imeripotiwa, kunahofiwa. Kuna pia nomino pana kama vile maeneo fulani na makundi ya watu. Kwa upande mwingine, mtaona kwamba ilani nyingine zinajibu vizuri. Ilani za Marekani, ambazo tangu mwaka 2018 huzipanga nchi katika ngazi 4, zimewahi kuutaja Mji wa Kale wa Mombasa kwa sababu ya uhalifu, na feri ya Likoni kwa sababu ya usalama wa chombo chenyewe.

Hilo la feri lisitupite. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na watu 272 wakafa maji. Hao hawakuwa watalii. Walikuwa watu waliokuwa wakienda zao kazini. Ikiwa mgeni anaambiwa na serikali yake aijihadhari feri, mwanafunzi anayevuka kila siku anastahili zaidi kuambiwa, kwa lugha anayoifahamu, kwamba chombo hiki hubeba watu kadha wa kadha, kwamba kikijaa asipande, na kwamba maboya yako mahali fulani.

Kwa wale wanaojiandaa kwenda bandarini, wawe walimu na wanafunzi wao au vijana wanaotafuta riziki kwa watalii, kutahadhari hakuhitaji woga. Someni ilani nzima, si kichwa chake tu, na mwangalie tarehe iliyotolewa. Itazameni ramani, mpime umbali baina ya mahali palipotajwa na mahali mwendako. Mwulizeni mwenyeji aliye pale leo. Tembeeni vichochoro vya Mji wa Kale mchana, pamoja na kiongozi anayejulikana, na jua likizama muwe mmekwisha kutoka. Tumieni gari ambalo mwenyewe anafahamika na mtu anayewapokea. Msionyeshe simu na fedha hadharani. Nakala za vitambulisho ziwekwe mbali na vitambulisho vyenyewe. Kila mtoto ajue jina la mahali pa kukutania akipotea, na ajue kwamba nambari za dharura ni 999 na 112. Feri ikifika, ngojeni wanaoshuka washuke kwanza, wala msigombanie ukingo.

Nayo serikali yetu, ya taifa na ya kaunti, haina budi kuacha desturi ya kukasirikia maonyo ya wengine huku yenyewe ikinyamaza. Ukimya wetu ndio unaoyapa maneno ya mgeni nguvu. Inapopata habari za hatari, na iziseme kwanza kwa wenyeji, kwa Kiswahili na kwa lugha za mahali, redioni, misikitini, makanisani na shuleni. Ni kweli kwamba si kila siri ya upelelezi yaweza kutangazwa, na tangazo lililotolewa ovyo huzua fujo. Lakini kumwambia mfanyakazi wa hoteli au mchukuzi wa bandarini kwamba wiki hii alikague kila gari liingialo si kufichua siri. Ni kumpa macho. Tena yeye ndiye wa kwanza kuiona hatari, kabla ya balozi yeyote aliye Nairobi.

Meli za kitalii zimerejea Kilindini, nyingine zikiwa na abiria zaidi ya 2000. Ni neema, na tunaiombea idumu. Ila usalama wa mgeni huyo hauwezi kutenganishwa na usalama wa mwenyeji anayemfungulia mlango wa gari. Wakati mwingine ilani ya usafiri itakapotolewa, swali letu la kwanza lisiwe imetuharibia jina kiasi gani. Tuulize kama hatari iliyotajwa ni ya kweli, na ikiwa ni ya kweli, ni nani miongoni mwetu ambaye bado hajaambiwa.