Njia ya Farasi na Hati ya Ardhi

Katika sehemu nyingi za Marekani mpanda farasi hupita mashambani mwa watu kwa ruhusa ya mdomo tu. Jirani humwambia jirani, "Pita," naye hupita, na watoto wake baada yake. Ni desturi njema. Lakini mzee akifa na warithi wakiuza shamba, mnunuzi huweka uzio, na njia iliyokanyagwa miaka hamsini hukatika kwa siku moja.

Hapo ndipo vyama vya amana ya ardhi vina kazi. Cha kwanza kilianzishwa Massachusetts mwaka 1891 kwa shauri la Charles Eliot, mbunifu wa bustani, aliyetaka uzuri wa nchi utunziwe umma kama vile vitabu vinavyotunzwa katika maktaba. Chama hicho, The Trustees of Reservations, kingali hai. Mwaka 1998 kilipewa Appleton Farms, shamba lililoanza kulimwa mwaka 1638, lenye njia pana za majani zilizokatwa msituni kwa ajili ya farasi.

Vyama vingine vingi ni vidogo, navyo huendeshwa na watu wa kujitolea. Hao hukata miti iliyoanguka, huchimba mifereji ili kwato zisigeuze njia kuwa matope, na kila mwaka hukagua mipaka kuona kama hati zinaheshimiwa. Maana nguvu yao ni hati. Mwenye shamba hubaki na shamba lake; aweza kulilima, kuliuza au kulirithisha. Haki ya kujenga majumba ndiyo aliyoitoa, na kila atakayelimiliki baadaye amefungwa vivyo hivyo.

Kwa sadaka hiyo serikali humpunguzia kodi, na penye nafuu ya kodi wajanja hawakosi. Wenye fedha waliungana, wakanunua ardhi, wakaikadiria thamani mara nyingi kupita bei waliyolipa, kisha wakadai nafuu. Kwa muda mrefu hakuna aliyewazuia kwa sheria kali. Ni Desemba 2022 tu ndipo Bunge lilipokataa nafuu inayozidi mara mbili na nusu ya fedha walizoweka.

Sisi twaona jambo jingine ni zito zaidi. Hati nyingi huzuia ujenzi bila kumruhusu mtu wa nje kupita. Msitu umehifadhiwa, ndiyo, lakini lango limefungwa, na umma uliosamehe kodi wasimama nje. Wapanda farasi wanaochangia vyama hivyo hawana budi kudai kwamba njia yenyewe iandikwe katika hati, pamoja na upana wake na mahali ipitapo, mwenye shamba angali hai na kalamu ingali mkononi mwake.