«Ranka»: namna Walituania walipatia mukono jina lake

Katika inchi ya Lituania, kule Ulaya pembeni ya bahari ya Baltiki, mukono unaitwa «ranka». Neno hilo limetokea wapi?

Wenye kuchunguza lugha wanaliunganisha na kitendo «rinkti», maana yake kuokota ao kukusanya. Kwa hiyo mukono ni kile chenye kuokota. Usishangae kuona «i» imegeuka «a». Katika Kilituania ni jambo la kawaida: «kilti» ni kupanda juu, na «kalnas» ni mulima. Warusi wanasema «ruka», Wapolandi «ręka». Ni neno moja, sababu lugha hizo ni za ukoo mumoja.

Kitendo chenyewe kingali kinatumika kila siku. Mutu akienda kuokota uyoga porini, anasema «rinkti». Akienda kuchagua wabunge, ni «rinkti» tena, na uchaguzi unaitwa «rinkimai».

Sawa na mukono kwetu, «ranka» inaanzia begani mpaka kwenye vidole. Wakitaka kutaja tu sehemu ya chini, kuanzia kwenye kifundo, wanasema «plaštaka». Neno hilo limezaa mengine mengi: «rankinė» ni sakoshi ya mwanamuke, «apyrankė» ni bangili, «rankšluostis» ni kitambaa cha kujipanguzia. Kuna na musemo, «ranka ranką plauna»: mukono unaosha mukono. Mara nyingi wanausema juu ya watu wenye kufichiana mabaya.

Neno lingine ni «rankraštis», maandishi ya mukono. Kuanzia 1864 mpaka 1904, serikali ya mufalme wa Urusi ilikataza kuchapisha Kilituania kwa herufi za Kilatini. Lakini watu hawakunyamaza. Vitabu vilichapishwa ngambo ya pili, katika Prusia, na watu walivivusha mupaka kwa siri. Waliitwa «knygnešiai», wabeba-vitabu. Wenye kukamatwa walifungwa ao kupelekwa Siberia, wengine waliuawa kwenye mupaka. Nyumbani, wamama walifundisha watoto kusoma kwa siri.

Leo Lituania ina watu karibu milioni 3 tu, na Kilituania ndiyo lugha ya serikali, ya masomo na ya redio. Bila mikono ile ya kubeba na kuficha, pengine «ranka» ingebaki tu katika vitabu vya wachunguzi.

Na wewe musikilizaji, katika lugha ya kwenu mukono unaitwa namna gani? Watoto wako wanajua neno hilo?