Usonji Muthara: Mtoto mmoja, serikali mbili

Kijitabu cha afya ya mama na mtoto, kile ambacho akina mama wa Muthara, Kaunti ya Meru, hukikunja ndani ya leso wakienda kliniki, kina kurasa za chanjo na kurasa za hatua za ukuaji. Za chanjo hujazwa tarehe. Za ukuaji, zinazouliza iwapo mtoto anatabasamu, anageukia sauti au anatamka maneno, mara nyingi hurudi nyumbani tupu. Muuguzi ana foleni ndefu, na mtoto aliyenawiri, mwenye uzito mzuri, hampi sababu ya kusita.

Hapo ndipo usonji unapopenya. Mtoto anaweza kukaa na kutembea kwa wakati wake. Kinachokosekana hakionekani kwenye mizani: akiitwa jina hageuki, haonyeshi kitu kwa kidole, na pengine maneno mawili matatu aliyokwisha kuyajua yanampotea. Dalili hizi hudhihirika zaidi katika mwaka wa pili na wa tatu. Chanjo ya pili ya surua hutolewa akiwa na miezi 18, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo safari ya mwisho ya kliniki. Atakayemtazama tena kwa jicho la kikazi ni mwalimu wa chekechea, darasa la PP1, mtoto akiwa na miaka minne. Katikati ni kipindi ambacho kumsaidia kuwasiliana kungezaa matunda makubwa, lakini anaonwa na mama, nyanya yake na majirani tu. (Wapo wanaoilaumu chanjo kwa kuwa umri unakaribiana. Utafiti umelikataa dai hilo mara nyingi. Anayemnyima mwanawe sindano ya surua anamwongezea hatari tu.)

Majirani nao wana maneno yao. Siku ya soko, pikapu za miraa zikipiga honi, mtoto huziba masikio kwa viganja, hujitupa chini na kulia kana kwamba amechomwa. Mama huambiwa amemdekeza. Wengine hunong'ona kuhusu laana ya ukoo wa mama, maana katika mambo haya ukoo wa baba hutajwa kwa nadra. Baada ya siku chache za namna hiyo, mama huja sokoni peke yake.

Wa kumsaidia ni nani? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti huduma za afya na elimu ya chekechea. Shule za msingi na elimu maalumu zimebaki kwa Serikali Kuu. Kwa hiyo mtoto wa Muthara akiwa kliniki na PP1 yuko mikononi mwa Kaunti ya Meru. Siku anapohitaji kupimwa ili apelekwe kitengo maalumu anahamia kwa Wizara ya Elimu, yenye vituo vya kutathmini wanafunzi wenye mahitaji maalumu vilivyoanzishwa 1984 kwa msaada wa Denmark. Akihitaji kadi ya ulemavu, hilo ni la Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo nalo hutegemea madaktari wa hospitali za kaunti kumpima. Kila ofisi ina fomu yake, na anayebeba faili kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni mama.

Safari yenyewe ni mtihani. Kutoka Muthara hadi hospitali ya rufaa mjini Meru ni matatu iliyojaa, redio juu, kondakta akigonga bati. Mtoto asiyevumilia kelele hufika amechoka na amechafukwa, kisha daktari anatakiwa kumpima kwa dakika chache. Akikataa kukaa kitini, huambiwa arudi siku nyingine.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilitaja kuona, kusikia, kujifunza na ulemavu wa viungo. Usonji haukutajwa kwa jina. Mei 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria mpya iliyochukua nafasi yake. Mtaala wa umilisi nao una njia ya hatua nne, kuanzia ya msingi hadi ya ufundi, kwa wanafunzi wasiofuata masomo ya kawaida, ambapo kuvaa shati na kunawa mikono ni masomo kamili. Na upo mpango wa Inua Jamii unaozipa familia zenye mtu mwenye ulemavu mkali Sh2,000 kwa mwezi. Fedha hizo zinasaidia jikoni. Haziwezi kumlipa mtaalamu wa matamshi.

Hata kuwahesabu watoto hawa hatujaanza. Sensa ya Agosti 2019 iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na takwimu za ulemavu zilizochapishwa zilihusu wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Kaunti ya Embu iliongoza nchi kwa asilimia 4.4, ilhali wastani wa kitaifa ulikuwa 2.2. Usonji haukuwa na swali lake. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria mtoto mmoja kati ya 100. Makadirio hayo yakichukuliwa kama yalivyo, hakuna shule kubwa ya msingi Tigania Mashariki, iliko Muthara, isiyokuwa na mtoto kama huyu, au kiti kitupu ambacho angekikalia.

Meru si wageni katika elimu ya aina hii. Shule ya viziwi ya Kaaga na ile ya wasioona ya St Lucy's, Igoji, zimesomesha watoto kutoka mbali. Zilianza kwa ulemavu unaotambulika kwa urahisi, na zilikuwa na makanisa nyuma yake. Usonji umetegemea wazazi: ndio waliounda chama cha Autism Society of Kenya mwaka 2003 na kusukuma kitengo katika shule ya City Primary, Nairobi. Mzazi wa Muthara hawezi kuhamia Nairobi, wala hapaswi.

Jambo la kwanza, kwa maoni yangu, halihitaji jengo. Wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka vijijini tangu 2023 na vifaa vya kupima presha na sukari wafundishwe maswali machache ya kumuuliza mama wa mtoto wa miaka miwili, na kaunti imlete Muthara mtaalamu wa tiba hata siku moja kwa mwezi, badala ya kumpandisha mtoto matatu.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, wiki nne baada ya Siku ya Usonji Duniani, Aprili 2. Mzazi, nenda kwenye kikao cha maoni ya umma, simama mbele ya mwakilishi wako wa wadi, na udai siku hiyo moja iandikwe kwenye bajeti.