Mtoto Mchanga na Lugha Mbili

Wako wazazi waachao kusema na mtoto lugha ya kwao, wakichelea kwamba lugha mbili zitamvuruga akili. Hofu hiyo haina msingi. Mwaka 2010, huko Vancouver, Kanada, Byers-Heinlein, Burns na Werker waliwapima watoto wenye umri wa siku chache, kwa kuhesabu walivyonyonya chuchu ya mpira wasikiapo maneno. Waliozaliwa na mama wasemao Kiingereza peke yake walikipendelea Kiingereza. Wale ambao mama zao, wakati wa mimba, walisema Kiingereza pamoja na Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, walizielekea lugha zote mbili, na tena waliweza kuzipambanua.

Uchunguzi wa ubongo uliotolewa Seattle, Marekani, mwaka 2016, ulionyesha kuwa watoto wa miezi 11 walelewao kwa Kihispania na Kiingereza waliitikia sauti za lugha zote mbili, wala katika Kiingereza hawakupungukiwa kuliko wenzao wa lugha moja. Basi, mzazi anyamazishaye lugha yake hamtui mtoto mzigo. Amnyima sauti ambazo ubongo wake ulikuwa tayari kuzipokea.