Karanga inayookoa huyu inaweza kumuua yule

Wacha nikuulize. Wewe na marafiki mmechanga doo, mmejaza katoni mbili za vitafunio pale Lodwar, na kesho mnapanda gari hadi Todonyang, kule Ziwa Turkana linapokaribia Ethiopia, kuwaona watoto wa chekechea. Picha zitakuwa moto. Lakini umeuliza ni mtoto gani hawezi kula karanga?

Najua unachowaza. Ati mzio ni mambo ya watoto wa Nairobi, shida ya Turkana ni njaa. Msee, mzio hauangalii mfuko wa mzazi. Ni kinga ya mwili kukosea na kuona chakula cha kawaida kama adui. Vinavyoleta shida sana ni maziwa, mayai, samaki, karanga, korosho, soya, ngano na ufuta.

Sasa angalia chakula cha huko: samaki wa ziwani, maziwa ya mbuzi na ngamia, uji wa msaada wenye mahindi na soya. Halafu kuna ile pakiti ya lishe wanayopewa watoto waliodhoofika. Plumpy'Nut, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1996, ni karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Gramu 92 tu, kalori 500. Imerudisha watoto wengi kutoka mlango wa kaburi. Kwa hivyo usitangaze karanga ni sumu. Utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watoto waliokuwa hatarini, walioanzishiwa karanga kabla ya kutimiza mwaka, walipata mzio wake kwa asilimia 80 hivi chini ya walionyimwa. (Na pakiti hiyo ni tiba. Usiigawe kama peremende.)

Lakini kwa yule ambaye tayari ana mzio, kidogo tu kinatosha. Midomo inavimba, vipele vinatoka, anatapika, kisha pumzi inakata. Anahitaji sindano ya adrenalini ndani ya dakika chache. Hospitali ya rufaa iko Lodwar, zaidi ya kilomita 150. Piga hesabu mwenyewe.

Ufanye nini basi?

Mpigie mwalimu kabla ya kununua. Usiulize "nani ana mzio?" kwa sababu wengi hawajawahi kupimwa. Uliza: kuna mtoto aliyewahi kuvimba, kutoka vipele au kutapika punde tu baada ya kula kitu? Kina mama wanajua. Waulize pia.

Nunua vya kawaida. Ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha, tende zilizotolewa kokwa, unga wa mtama au wimbi wa kupika uji. Kama ni msimu wa edome, yale matunda madogo ya porini, waache watoto wakuonyeshe wao.

Mandazi? Fikiria mara mbili. Ni ngano, na yanaweza kuwa yamekaangwa kwa mafuta yaliyokaanga samaki asubuhi. Mtoto mwenye mzio wa samaki hatajua kilichompata.

Biskuti nazo, soma pakiti. Maziwa na soya hujificha humo kwa maandishi madogo.

Usimwambie mama ambaye mtoto wake hawezi maziwa ya ng'ombe ajaribu ya mbuzi. Yanafanana mno, wengi wataumwa vilevile. Ya ngamia ni tofauti na wengi huyavumilia, ila si wote, na mhudumu wa afya ndiye wa kuamua.

Karanga nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka 5 hata kama hana mzio. Zinakwama kooni.

Na kabla ya kugawa chochote, watoto wanawe mikono kwa sabuni. Nawa na wewe pia, hasa kama ulitafuna njugu njia nzima kutoka Lodwar.

Mwisho, ukigundua kuna mtoto mmoja asiyeweza karanga, usimkalishe pembeni na ndizi yake huku wenzake wakila kitu kingine. Watoto wa miaka 4 hugawana kila kitu, na huyo atapokea. Acha karanga kwenye gari. Siku hiyo wote wale ndizi.