Albamu ya saa za kiporo

Ukipita Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, msimu wa watalii, huwezi kuikosa nyumba yenye picha za Freddie Mercury mlangoni. Makumbusho yake yalifunguliwa pale mwishoni mwa 2019, na wageni husimama nje wakisubiri zamu ya kupiga picha. Mapapasi wana hadithi yake kwa ghibu: kazaliwa hapa hapa tarehe 5 Septemba 1946, jina la nyumbani Farrokh Bulsara, wazazi Waparsi, baba keshia wa Mahakama Kuu enzi za Mwingereza. Halafu hadithi inaruka. Kutoka utotoni inatua moja kwa moja kwenye masharubu, singlendi nyeupe na uwanja wa Wembley uliofurika watu siku ya Live Aid, 1985.

Hapo katikati kuna albamu iliyorukwa. Inaitwa Queen, jina la bendi yenyewe, na ilitoka Uingereza tarehe 13 Julai 1973. Ni roki nzito ya magitaa, na mwimbaji wake hana masharubu: ana nywele za kufika mabegani na kucha za mkono mmoja zilizopakwa rangi nyeusi. Nami niliifikia kwa kuchelewa, baada ya miaka ya kusikiliza kanda ya nyimbo zao bora, na kusema kweli mara ya kwanza sikuipenda. Dramu zilisikika kama mtu anazipiga ndani ya kabati la nguo. Ilinichukua muda kujua kwamba hata wenyewe hawakuzipenda dramu hizo.

Sisi tunakijua kiporo. Wali wa jana, maharage ya jana yaliyolala na nazi yake. Wapo wanaoapa kwamba maharage ya namna hiyo ni matamu kuliko yaliyotoka jikoni sasa hivi. Mpira nao umeliazima neno: timu ikiwa na mechi zilizoahirishwa, tunasema ina viporo. Sijapata neno linaloifaa albamu hii kuliko hilo. Ilirekodiwa kwa saa ambazo wenye fedha walizibakisha, kwa gitaa lililotengenezwa na mabaki, na ilipofika dukani nyimbo zake zilikuwa zimeshalala miaka.

Tuanze na gitaa. Mwaka 1963 kijana wa miaka 16, Brian May, alitaka gitaa la umeme na nyumbani hapakuwa na pesa ya kumnunulia. Baba yake, Harold, alikuwa fundi wa elektroniki mwenye mikono ya kufanya kila kitu. Wakaamua kuliunda wenyewe. Shingo waliichonga kutoka ubao wa juu ya meko ya zamani, mahogani iliyokwisha kutobolewa na wadudu. Matundu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Alama nyeupe za kumwonyesha mpigaji mahali pa kubana nyuzi zilikuwa vifungo vya gamba la chaza, kutoka kwenye kikopo cha kushonea cha mama. Springi za kuzirudisha nyuzi mahali pake baada ya kuvutwa zilitoka kwenye pikipiki kuukuu. Ncha ya mkono wa kuzivutia ni kipande cha sindano ya kufumia sweta. Kazi iliwachukua kama miaka miwili, na gitaa hilo jekundu ndilo analopiga May mpaka leo. Halipigi kwa kidude cha plastiki kama wenzake, bali kwa sarafu ya zamani ya peni sita. Meno ya ukingo wake hukwaruza uzi kidogo kabla ya noti kutoka, na ukisikiliza kwa makini unausikia ule mkwaruzo.

Ukiiwasha albamu, gitaa hilo ndilo la kwanza. Wimbo wa kwanza, "Keep Yourself Alive", unaanza na mkono ulioziba nyuzi ukizikwangua harakaharaka, sauti ikipanda na kushuka mithili ya upepo unaopita dirishani. Linaongezeka gitaa la pili juu ya la kwanza, kisha dramu, kisha besi, na ghafla nyumba imejaa. Magitaa yale yote ni mtu mmoja, aliyejirekodi safu juu ya safu. Hawakutaka mtu adhani ni mashine, kwa hiyo waliandika kwenye jalada kuwa hakuna aliyepiga sintesaiza humu. Ni majivuno ya kitoto kidogo, lakini nayapenda.

Bendi yenyewe ilitokana na nyingine iliyovunjika. May, aliyekuwa mwanafunzi wa fizikia ya nyota pale Imperial College, na Roger Taylor, aliyekwenda London kusomea udaktari wa meno, walikuwa na kundi lao liitwalo Smile. Mwimbaji wao, Tim Staffell, alikuwa akisoma Chuo cha Sanaa cha Ealing na kijana mmoja wa ubunifu wa picha aliyekuwa akihudhuria maonyesho yao na kuwapa ushauri ambao hawakuuomba: vaeni hivi, simameni vile. Staffell alipojitoa mwaka 1970, mshauri huyo, ambaye ndiye Farrokh wetu, akachukua nafasi. Ni yeye aliyeleta jina la Queen, na ni yeye aliyechora nembo yao kwa kutumia alama za nyota za kuzaliwa kwao wanne. Yeye na Taylor walikuwa na meza sokoni Kensington, wakiuza nguo za mitumba. Msomaji wa Karume au Gikomba anaijua biashara hiyo: unaipiga nguo pasi, unaitundika vizuri, na mdomo wako unamaliza kazi iliyobaki.

Kwenye besi walipita watatu, hakuna aliyekaa. Mwaka 1971 akapatikana John Deacon, kijana wa miaka 19, mwanafunzi wa elektroniki, mkimya, anayeweza pia kutengeneza vyombo vinapoharibika. Jalada la albamu lilimwandika Deacon John, majina nyuma mbele, kwa kuwa wenzake waliona lina mvuto zaidi. Baadaye aliomba lirudishwe lilivyokuwa.

Mwaka huo huo wa 1971 bahati ikaja, ya kiporo. Studio ya De Lane Lea ilikuwa imehamia Wembley kwenye jengo jipya, na ilihitaji bendi yenye makelele ya kutosha kupima kama kuta zinazuia sauti na mitambo inafanya kazi. Queen walipiga, mafundi wakapima, na malipo yakawa kurekodiwa nyimbo tano bure. Mmoja wa hizo tano, "The Night Comes Down", walijaribu baadaye kuurudia kwa mitambo bora zaidi. Wakausikiliza, wakaona ule wa bure unaushinda, na ndio ulioingia kwenye albamu.

Kwa kanda hiyo walizunguka kampuni za muziki, wakakataliwa. Waliowakubali ni ndugu wawili wa familia ya Sheffield, wenye studio ya Trident katika kichochoro cha St Anne's Court, Soho. Trident haikuwa studio ya hivihivi. The Beatles walirekodi "Hey Jude" pale mwaka 1968. David Bowie alikuwa pale, Elton John alikuwa pale, Lou Reed alikuwa pale. Kwa hiyo mpango wa Queen mwaka 1972 ulikuwa huu: wakubwa wakimaliza, ninyi mnaingia. Walikaa karibu na simu wakingoja, na simu ilipolia mara nyingi ilikuwa usiku wa manane. Wanarekodi mpaka alfajiri, wafanya usafi wanafika, wao wanaondoka. Kuna usiku walipata saa mbili tu, kuna usiku hawakupata kitu.

Mtu akifanya kazi hivyo hana nafasi ya kubishana na desturi ya nyumba. Desturi ya Trident kwenye dramu ilikuwa kibanda kidogo, na ngozi za ngoma zilizobandikwa tepu ili zisivume: sauti kavu, safi, inayokaa pembeni. Iliwafaa wengine. Queen walitaka dramu za ukumbini, zinazopumua, na kila walipolisema waliambiwa lisahihishwe wakati wa kuchanganya sauti. Halikusahihishwa. Prodyuza Roy Thomas Baker na mwenzake John Anthony walikuwa na yao masikioni, bendi nao yao. "Keep Yourself Alive" ulichanganywa upya mara kadhaa, hadi fundi mitambo kijana, Mike Stone, alipojaribu bahati yake na kuupata. Wimbo mwingine, "Mad the Swine", uliwagombanisha kwa sababu hiyo hiyo ya ngoma, ukaachwa nje kabisa.

Kwangu mimi moyo wa albamu ni wimbo wa nne, "My Fairy King". Farrokh Bulsara aliuandika akiwa na picha za shairi la Robert Browning kichwani, lile la mpiga zumari wa Hamelin, akajengea humo nchi ya kichawi iliyoharibiwa na watu. Piano yake inakwenda kama maji ya mfereji, Taylor anapiga ukelele wa juu ambao ungedhani ni filimbi, na sauti za kuitikia zimepangwa ghorofa kwa ghorofa. May amesimulia mara nyingi kuwa siku hiyo ndipo walipojua wana mpiga piano wa kweli ndani ya bendi. Humo pia mtunzi amemtaja mama aitwaye Mercury, na kwa maelezo ya May ni baada ya hapo mwenzao alipotangaza kwamba jina lake sasa ni hilo. Jalada likachapishwa hivyo. Bulsara akabaki kwa ndugu.

Watu wetu huuliza: Zanzibar iko wapi humu? Nimeitafuta. Hakuna ganuni wala udi, hakuna hata mahadhi ninayoweza kusema yametoka kwenye taarabu, na anayedai anayasikia ana sikio la ukarimu. Farrokh alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akiwa na miaka minane hivi, akarudi 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Feltham, magharibi mwa London, chini ya njia ya ndege za Heathrow. Alikuwa na miaka 17. Kisiwa alikiishi kwa vipande.

Lakini kuna wimbo humu unaoitwa "Jesus". Unasimulia umati ukimkimbilia Yesu, mkoma akipiga magoti, nyota na mamajusi, na nyuma yake May anapiga gitaa kama mtu aliyepandwa na pepo. Aliyeutunga ni mtoto wa Wazoroasta, aliyezaliwa katika mji wa misikiti, akalelewa na shule ya Waanglikana katika nchi ya Wahindu. Hasemi anaamini wala haamini. Anaisimulia tu kama kisa kikubwa kinachostahili kwaya. Kijana aliyekulia sehemu moja yenye dini moja nadhani angeogopa kidogo. Huyu hakuogopa, na miaka miwili baadaye aliingiza bismillahi katikati ya "Bohemian Rhapsody" bila kumwomba mtu radhi.

Si kila kitu humu kimesimama sawasawa. "Liar" una dakika sita na zaidi na mbili zingeweza kupunguzwa, ingawa makofi na kengele zake zinaamsha. "Son and Daughter" ni mzito kama gunia la simenti, na nadhani ulikusudiwa hivyo. Wimbo wa Taylor, "Modern Times Rock 'n' Roll", unapita kabla hujakaa vizuri. Wa mwisho, "Seven Seas of Rhye", ni kipande cha dakika moja na ushei kisicho na maneno, kinachozima kana kwamba mtu ameitwa mlangoni. Freddie alikuwa hajaumaliza.

Kazi ilikwisha Novemba 1972. EMI walitia saini mwaka uliofuata, na kufikia Julai hiyo kulikuwa na wimbo humu uliotungwa tangu Smile wakiwa hai. Led Zeppelin walikuwa wameshatoa albamu tano. Wahakiki wakawaona hawa kama wafuasi waliochelewa basi. "Keep Yourself Alive" ulitolewa kama singo wiki moja kabla, na haukugusa chati ya Uingereza. Deacon aliendelea na masomo. Mwisho wa mwaka waliizunguka Uingereza kama bendi ya kutangulia ya Mott the Hoople, yaani wale wanaopiga wakati watu bado wanatafuta viti. Kilichoiokoa albamu ni mdogo wake: mwanzoni mwa 1974 "Seven Seas of Rhye" uliokamilishwa, wa albamu ya pili, ulifika namba 10, na wanunuzi wakarudi nyuma kutafuta walikotoka. Albamu ya kwanza ikapanda hadi 24.

Freddie alifariki Novemba 1991. Deacon alijiondoa kwenye muziki miaka ya 1990 na hajarudi. Wakabaki wawili, nao zile dramu hazikuwatoka akilini. Oktoba 2024, May akiwa na miaka 77 na Taylor 75, walitoa albamu ile upya kwa jina la Queen I. Kanda za Trident zilifunguliwa, kila chombo kikachambuliwa, na ngoma zikapewa hewa waliyoiomba 1972. "Mad the Swine" umerudi kwenye nafasi yake ya nne, ukiusukuma "My Fairy King" hadi ya tano. Niliisikiliza usiku kwa spika za masikioni, umeme umekatika mtaa mzima. Dramu zimetoka kabatini. Sauti ya Freddie ni ile ile, ya kijana wa miaka 26 anayejua kuwa wafanya usafi wanakaribia kufika.